Mwaka wa Bwana Afya Ntandu

Habari za kifo cha Ramadhani Ntandu zilinifikia akiwa ameshazikwa. Muuguzi mwenzangu, mstaafu kama mimi, aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba yule bwana afya wa zamani, aliyefukuzwa kule mlimani, amefariki Majengo, na msiba upo hapohapo alipokuwa amepanga. Watu watatu waliandika "Poleni." Mmoja alituma picha ya mshumaa. Kisha mazungumzo yakarudi kwenye bima ya afya. Niliweka simu mezani, nikamaliza kuosha vyombo, nikavaa kitenge nikateremka mjini. Majengo sikupotea, maana msiba hauhitaji ramani, lakini nilipofika nilidhani nimekosea nyumba. Chini ya turubai viti vya plastiki vilikuwa vingi kuliko watu. Kijana wa bodaboda aliyenileta aliuliza ni nani aliyekufa, kwa namna tu ya kupitisha muda huku akinitafutia chenji, na mzee mmoja aliyekaa peke yake akamjibu, "Mzee mmoja wa Singida. Alikuwa mtumishi tu wa serikali, zamani." Nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mara ya kwanza kulisikia neno lile, mtumishi tu, likisemwa juu ya mtu huyu, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimekaa kitandani nyuma ya ukuta wa mbao na sahani ya kiburu magotini, nami nilicheka pamoja na waliolisema.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na kupangiwa zahanati ya kijiji kimoja mlimani, juu ya Himo. Mimi ni wa Rombo, kwa hiyo walinipokea kama mtoto wa jirani. Kichagga chao hakikufanana sana na changu, lakini tulielewana, na walipocheka matamshi yangu walicheka kwa upendo. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, vitanda viwili, na kabati moja la dawa ambalo ufunguo wake niliuvaa shingoni. Mganga wa zahanati alikuwa masomoni, na wa kumshikia nafasi hakuletwa. Tulibaki watumishi wawili wa serikali kwenye jengo lile: mimi, na Bwana Afya Ntandu aliyeishi chumba cha nyuma.

Chumba changu nilikipanga kwa mjane mmoja, Mama Gaudensi, ambaye alipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kuiuza nyumbani kwake. Kati ya kitanda changu na kilabu chake palikuwa na mbao tu, tena mbao zilizoachana. Nililala na kuamka katika harufu ya ndizi zilizochemshwa na ulezi ulioota. Kabla hajamhudumia mteja hata mmoja, Mama Gaudensi alinipakulia mimi kwanza. Siku za kazi ilikuwa kiburu, ndizi na maharage zilizopondwa pamoja. Jumapili ilikuwa mtori wenye nyama. "Nesi akiwa mwembamba anatisha wagonjwa," alisema, akiongeza upawa wa pili bila kuniuliza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Gaudensi, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyepakia mizigo kwenye malori kule Himo. Jumamosi alipanda na mkate na vituko vya barabarani. Yeye ndiye aliyenitengenezea dirisha lililokuwa likigongagonga upepo ukivuma, na hakutaka hata asante.

Kupitia zile mbao nilisikia kijiji kizima kikizungumza. Aliyesema zaidi, na hasa juu ya Bwana Afya, alikuwa Mzee Aloisi, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti nzuri na mashamba makubwa ya kahawa. "Mimi naamka alfajiri kupalilia," alisema, "yeye anaamka saa mbili kuja kuchungulia choo changu." Watu walicheka. "Ndiyo kazi aliyopewa," mwingine akamjibu. "Huyo ni mtumishi tu. Serikali imekosa la kumpa, ikamwambia akahesabu vyoo." Kisha walimwita chasaka, neno la huku kwa mtu asiye Mchagga, neno lisilo na heshima yoyote ndani yake. Walisema chasaka hana kihamba, shamba la migomba la ukoo, ndiyo maana anazungukazunguka kwenye vihamba vya wenzake na fimbo. Walisema ni Mwislamu, ndiyo maana anasumbua wenye mbege. Ntandu alikuwa kweli na fimbo. Alikuwa na mashati mawili ya kaki, buti za mpira, na daftari, na kila siku alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mambo ambayo hakuna anayependa kuulizwa: shimo lina kina gani, watoto wananawia wapi, maji ya kunywa yamechemshwa au hayakuchemshwa. Nyumba isiyo na choo aliiandika. Akirudi mara ya tatu na choo hakipo, alimpeleka mwenye nyumba mbele ya mtendaji wa kata. Hakuwa mtu wa kupendeka, nami siwezi kumpamba sasa kwa sababu amekufa. Alizungumza kama anasoma tangazo, na hakujua utani.

Chumba chake niliingia mara nyingi kwa shughuli za kazi. Palikuwa na kitanda cha kamba, meza, na kwenye kizingiti cha dirisha chupa za kioo zimepangwa mstari mmoja, kila moja na maji ya chemchemi yake na karatasi yenye jina. Aliziacha siku mbili tatu, kisha akaziinua moja moja kwenye mwanga na kutazama kilichotuama chini. Mkewe na watoto wanne walikaa Majengo kwa ajili ya shule, naye alijipikia mwenyewe: ugali na mlenda mkavu ambao mama yake alimtumia kutoka Singida. Siku moja alinikaribisha, nikala, nikashukuru. Jioni ile nilikwenda kilabuni nikawasimulia jinsi mlenda ule ulivyovutika kama uzi kutoka sahanini hadi kwenye kidevu chake. Walicheka hadi Mzee Aloisi akafuta macho, na Mama Gaudensi akasema nimeanza kuwa mwenyeji. Nilijisikia vizuri sana. Jambo moja aliloniambia Ntandu siku ile ya mlenda sikuwasimulia. Nilikuwa nimemuuliza kama hachoki kuchukiwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Nesi, wewe ukimponya mtu anakuletea ndizi. Mimi nikifanya kazi yangu vizuri, hakuna kinachotokea. Nani atamletea mtu ndizi kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea?"

Mvua za masika mwaka ule zilianza mapema, zikakataa kuisha. Daraja la chini lilibomoka, gari likawa haliwezi kupanda, na tulisikia kwamba kuhara kumeingia kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya tambarare, halafu sokoni Himo. Ntandu aliandika barua kuomba dripu, chokaa na dawa ya maji. Barua tatu nilizipeleka posta mwenyewe. Hatukujibiwa. Kwenye kabati langu zilikuwemo chupa nne za dripu.

Jumatatu moja asubuhi nilisikia mtu akitapika upande wa pili wa ukuta. Gaudensi alikuwa hajarudi Himo. Nilitoka uani nikamkuta mama yake anamwaga ndoo nyuma ya migomba, na kabla maji hayajaingia ardhini niliyaona. Yalikuwa meupe, kama maji yaliyoosha mchele. Chuoni kipindupindu tulisomeshwa nusu saa tu, na mwalimu alisema tukiuona mara moja hatutausahau.

"Amekula nyama mbovu huko Himo," Mama Gaudensi alisema haraka.

"Mama, apelekwe zahanati sasa hivi."

"Kwako aende, sawa. Lakini yule chasaka asijue. Akijua atanifungia, Anjela. Unajua ninavyoishi."

"Sawa, Mama," nilimjibu. Vijana wawili walimbeba kwenye blanketi lililofungwa kwenye mirunda. Nilimlaza, nikamwekea dripu ya kwanza, kisha nikazunguka nyuma ya jengo nikamwambia Ntandu. Aliacha chai yake mezani.

Chupa zote nne ziliingia kwenye mkono wa Gaudensi, na zilikuwa kama matone kwenye mchanga. Macho yake yalidumbukia ndani. Nilipoibana ngozi ya mkono ilibaki imesimama kama kitambaa. Alikuwa na akili zake hadi mwisho, na hilo ndilo baya la ugonjwa ule. Aliniuliza kama dirisha langu bado linagonga. Nikamwambia halijagonga tangu alitengeneze. Akasema vizuri. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa, na mama yake aliyezuiwa nje alijua kwa sababu mimi niliacha kutembea ndani ya chumba.

Huku kwetu mtu huzikwa kihambani kwake, kwenye migomba, karibu na waliomtangulia. Asiyezikwa nyumbani ni kama aliyetupwa. Ntandu alilijua hilo vizuri, na ninapenda lijulikane kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kukubali.

"Mama anataka kumzika karibu na baba yake," nilimwambia.

"Ni haki yake. Nitasimamia mwenyewe. Hataoshwa na hatakuwa na matanga, lakini azikwe kwake." Akafungua daftari lenye michoro ya kijiji. "Kihamba chake kwa chini kinapakana na nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua, kwa sababu kila Jumamosi nilifua nguo pale. Hatua chache kutoka kaburi la mumewe, nyuma ya mgomba wa mwisho, ulipita mfongo, ule mfereji wa zamani unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani. Kwa mvua zile ulikuwa umefurika, na ardhi yote pale ilikuwa kama sponji. Nilimwambia.

"Una hakika? Kwenye mchoro wangu umepita juu ya barabara."

"Wameuhamisha. Nafua pale."

"Na wa vitongoji vya chini wanakunywa maji hayo?"

"Wanakunywa. Na shule inakunywa."

Alifunga daftari. "Basi hazikwi pale."

"Bwana Afya," nikasema, "usiwaambie ni mimi."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu kidogo. "Siwezi kukutaja," alisema. "Wewe unaishi kwake."

Alitoka barazani akamwambia mama yule mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya tangazo. Mimi nilisimama ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikasikiliza.

"Nipe mwanangu," Mama Gaudensi alisema.

"Siwezi, Mama."

"Basi niache nimuoshe. Nimuoshe uso tu."

"Huwezi kumgusa. Hata sisi kwetu maiti lazima aoshwe, Mama. Najua ninachokunyima."

"Hujui. Wewe huna mtoto."

Alikuwa na watoto wanne, na hakumjibu. Gaudensi alizikwa mchana uleule kwenye kiwanja cha serikali nyuma ya ofisi ya kata, ndani ya shuka mbili za zahanati. Wachimbaji walikuwa Ntandu na mgambo wawili, na mgambo mmoja alikimbia kaburi likiwa nusu. Katekista alisali akiwa barabarani. Mama Gaudensi alishikwa na wanawake sita, na bado aliwavuta hadi kwenye uzio, ambako aliona chokaa ikimwagwa juu ya mtoto wake kama inavyomwagwa chooni. Kesho yake Ntandu alipita kwenye vilabu vyote akamwaga mbege. Alianza na cha Mama Gaudensi, ili wengine wasiseme anapendelea. Mama Gaudensi alikuwa amekaa kwenye kigoda, akatazama pipa linavyopinduliwa.

Kuanzia siku hiyo kijiji kilimfanyia Ntandu ukatili ambao sijauona tena, na katika kazi yangu nimeona mengi. Dukani hawakumuuzia sabuni wala mafuta ya taa. Aliposalimia, watu walitazama pembeni. Watoto, ambao wazazi wao waliwasikia na kunyamaza, walimfuata nyuma wakiimba kwamba anakula maiti. Chupa zake za maji zilivunjwa zote, kisha vigae vikatandazwa kwenye kizingiti cha mlango alipokuwa akivua buti. Asubuhi moja alikuta ndoo ya kinyesi imemwagwa mlangoni. Aliisafisha kwa koleo, akaweka chokaa, akaandika kwenye daftari mahali na tarehe, kama ilivyo kwa kinyesi chochote kingine. Halafu akaenda kazini. Kila siku alipita nyumba kwa nyumba na dawa ya maji aliyokwenda kuichukua mjini kwa miguu na kuipandisha mgongoni. Waliofunga milango aliwaachia nje ya mlango. Ugonjwa ulichukua watu wengine wawili, mzee na mtoto, kisha ukakoma. Kijiji cha ng'ambo ya korongo, ambacho mtu wao wa kwanza walimuosha, wakamlilia na kula pamoja kwa siku nne, walizika hadi wakakosa mbao za majeneza. Tulisikia vilio vyao vikivuka korongo. Pale kwetu hakuna aliyelinganisha.

Mimi niliendelea kula kwa Mama Gaudensi. Alipika kama zamani, bila kuonja. "Wewe ni mtoto wetu," aliniambia. "Wewe ulimpa dawa zote, nilisikia. Yule ndiye aliyenitupia mwanangu." Alinipakulia, nami nikamega, nikatafuna, nikameza. Usiku nilipolala, upande wa pili wa mbao palikuwa kimya, maana kilabu kilikuwa kimefungwa, na kimya kile kilinisumbua kuliko kelele za walevi.

Mvua zilipokwisha uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Kiongozi mmoja alipanda kutoka wilayani na gari lenye bendera. Watu walikuwa wengi kuliko Krismasi. Ntandu aliwekwa kwenye kiti peke yake mbele ya meza kuu, amevaa shati lake zuri la kaki. Mimi nilikaa safu ya kwanza pamoja na walimu. Mzee Aloisi alizungumza kwa sauti yake nzuri. Alisema kijiji hakikatai serikali, ila serikali haikutuma mtu akanyime mama maiti ya mwanawe na kumwaga jasho la wajane. Alisema huyu alifanya hivyo kwa chuki ya dini na ya kabila. Kisha akasimama Mama Gaudensi. Alisema maneno machache. "Mume wangu yuko kihambani. Mwanangu yuko kwenye kiwanja cha serikali kama mbwa aliyegongwa. Muulizeni kwa nini."

Kiongozi akamuuliza. Ntandu alieleza habari za mfongo na vitongoji vya chini. Mzee Aloisi akasimama tena. "Mheshimiwa, mtu huyu hajawahi kufika kule nyuma. Mchoro wake mwenyewe, huo hapo mezani, unaonyesha mfongo uko kwingine. Nani alimwambia unapita pale? Amtaje."

Ntandu hakunitazama. Nimejaribu kwa miaka yote hii kukumbuka kwamba alinitazama, kwa sababu ingekuwa rahisi kidogo kama angenitazama na mimi nikainamisha macho. Hakugeuza hata shingo.

"Niliuona mwenyewe," alisema.

"Lini?"

"Niliuona."

Palikuwa na nafasi pale, ya kutosha mtu kusimama na kusema sentensi moja. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni. Nilifikiri juu ya chumba changu, na mtori wa Jumapili, na namna ambavyo wangeanza kunitazama. Ndipo kiongozi akakohoa, na nafasi ikapita. Alisema mtumishi mwongo hafai, na kwamba kuanzia dakika ile huyu si bwana afya wao. Makofi yalipigwa hadi kunguru wakaruka kutoka paa la shule. Lakini makofi yalimnogea yule bwana mkubwa, akaongeza. Alimwamuru Ntandu apige magoti amwombe mama yule msamaha mbele ya wananchi.

Ntandu alipiga magoti. Uwanja ulikuwa bado tope. Alisema, "Mama, nisamehe kwa uchungu ulioupata," na hata mimi nilisikia kwamba alichagua maneno ili asiombe msamaha kwa kazi yake. Mama Gaudensi aliinama, akachota tope kwa mikono miwili, akampaka usoni. Alimpaka polepole, kwanza shavu moja, kisha la pili, kisha paji la uso, kama mtu anayeosha. Hakuna aliyemzuia. Baadhi walicheka, wengine wakaacha kucheka katikati. Ntandu alifumba macho akakaa hivyo hadi alipomaliza. Alipoinuka alikwenda kwenye ndoo ya maji yenye dawa, ambayo yeye mwenyewe aliiweka getini mwa shule tangu siku za ugonjwa, akanawa mikono kwanza, kisha uso. Wiki ile aliondoka na kitanda chake kwenye gari la mkaa. Nilimsaidia kubeba meza. Tulipoiweka chini nilisema, "Bwana Afya, mimi…" Akanikatiza. "Kabati lako la dawa lina unyevu, Nesi. Weka tofali chini yake."

Hakurudishwa kazini. Nilihamishwa baada ya mwaka, nikafanya kazi zahanati na hospitali za mkoa huu kwa miaka thelathini na mitano. Wenzangu wananijua kama mtu mwenye mdomo. Mgonjwa akipona walimshukuru Mungu, akifa walimtafuta nesi, na kila walipomtafuta nesi mimi nilisimama mbele. Nimegombana na wakubwa waliotaka kumwadhibu muuguzi mbele ya kamera. Nimesimama kwenye mikutano ya wananchi nikasema waziwazi kwamba mnayemwita mvivu alikesha peke yake na wajawazito wanane, kwamba aliyefagia wodi ile amewaokoa watu ambao hata hawajui waliponea wapi. Watu walipiga makofi, wakaniita jasiri. Niliwaacha waite. Ntandu nilikutana naye mara mbili tatu mjini, akiwa mlinzi wa ghala, na kila mara alinisalimia vizuri na kunionyesha mtaro fulani ulioziba. Kila mara nilikuwa na haraka.

Pale Majengo wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chumbani, na mjane, Mama Halima, alikuwa kwenye godoro kwenye kona, katika eda yake. Nilimsalimia shikamoo, akaitika. Nikajitambulisha, kisha nikasimulia yote, mbele ya wale wanawake nisiowajua: mfongo, mkutano, tope. Nilipomaliza, mmoja wao alisema Mungu amrehemu marehemu. Mama Halima hakulia.

"Najua," alisema. "Aliniambia siku ileile aliyorudi. Alisema ulikuwa msichana tu, na kwamba ulimwambia ukweli ulipohitajika, na watu wa chini hawakufa. Alisema huna kosa."

Nikaanza kulia. Aliningoja nimalize, bila kunishika.

"Hayo ni maneno yake," akasema. "Mimi nilipika vitumbua nikasomesha watoto wanne kwa ajili ya mdomo wako uliofumbwa. Na leo umekuja kuusema ukweli mahali ambapo kila mtu anaujua tayari. Hapa umekuja kupumzika, mwanangu. Nenda kauseme kule."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Kijiji kina lami sasa, na mfongo umekauka. Baada ya misa watu hukusanyika nje ya kanisa kwa matangazo, nami niliomba nafasi kwa mwenyekiti wa kijiji wa siku hizi, kijana mwenye suti, ambaye hakunijua. Mzee Aloisi alikufa zamani. Mama Gaudensi yupo. Alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, mwepesi kama kifaranga, na binti mmoja, mjukuu wa dada yake, amemshika bega. Nilisema jina langu, na mwaka, na kwamba Ramadhani Ntandu aliyewahi kuwa bwana afya wa hapa amefariki, na kwamba hakuwa mwongo. Nilisema ni mimi niliyemwambia habari za mfongo, na ni kwa neno langu Gaudensi hakuzikwa kihambani, na neno lilikuwa la kweli, na waliokunywa maji yale wakapona wamo hapa leo na watoto wao. Nilisema tulimpaka tope mtu aliyetulinda, nami nilikuwa safu ya kwanza. Mwanamume mmoja wa vitongoji vya chini, mzee wa umri wangu, alivua kofia. Wengine walitazama simu zao.

Mama Gaudensi hasikii vizuri. Alimvuta yule binti, akauliza nimesema nini, na binti akamwinamia akamweleza kwa Kichagga, kwa sauti kubwa, sentensi moja moja, hadi mwisho. Nilisimama mbele yake nikingoja. Alinitazama muda mrefu, akitafuta sura ya msichana ndani ya sura hii.

"Nilikulisha," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Aligonga mkono wa kiti chake kwa kidole, na yule binti akamgeuza, akamsukuma kuelekea njia ya nyumbani. Watu walimpisha. Mwenyekiti alitazama saa yake, akanishukuru, akauliza kama kuna tangazo jingine.